Argoni, zirkoni au garneti? Kuchagua njia ya kupima mwanzo wa kuzama kwa bamba la bahari

Bamba la bahari linapoanza kuzama chini ya jirani yake, hakuna mwamba unaobaki na muhuri wa siku hiyo. Kinachobaki ni matokeo: lava iliyomwagika bamba la juu lilipopasuka na kutanuka, gabro iliyoganda chini ya lava hiyo, na vipande vya bamba lililozama vilivyopikwa kwenye mpaka wa mabamba mawili kisha vikarudishwa juu. Kila kimoja kina saa yake, na saa hizo hazikuanza kuhesabu pamoja. Ndiyo maana wataalamu wawili wanaweza kupima eneo moja, wote kwa uangalifu, wakapishana kwa miaka milioni 8 bila yeyote kukosea maabara.

Ulinganisho huu unamlenga mwenye sampuli mkononi, au anayepanga kwenda kuzitafuta, ambaye bajeti yake inaruhusu njia moja au mbili tu.

Vigezo kabla ya njia

Cha kwanza, na kikubwa kuliko vyote, ni tukio linalopimwa. Je, ni lava kuganda, magma kumaliza kuganda kina kirefu, au madini kukua ndani ya bamba linalozama? Cha pili ni kama madini yanayotakiwa yamo kweli kwenye mwamba wako. Basalti nyingi za bahari hazina zirkoni hata chembe, na hakuna ustadi wa maabara utakaoziweka humo. Cha tatu ni uharibifu: mwamba uliokaa chini ya bahari kwa mamilioni ya miaka umeliwa na maji ya chumvi, na kila saa inaharibika kwa namna yake. Cha nne ni kazi yenyewe, yaani kilo ngapi za mwamba, miezi mingapi, vifaa gani.

Cha tano ni ukubwa wa makosa ukilinganishwa na swali. Chukua safu ya Izu-Bonin-Mariana, kusini mwa Japani, eneo lililochunguzwa kwa karibu kuliko mengine kwa suala hili. Mwaka 2014 meli ya JOIDES Resolution ilichimba huko katika misafara miwili iliyofuatana, namba 351 na 352. Basalti za kwanza upande wa mfereji wa bahari zilimwagika kati ya miaka milioni 52 na 51 iliyopita, na boniniti za kwanza, lava zenye silika na magnesiamu nyingi, zikafuata ndani ya takribani miaka milioni moja. Njia yenye makosa ya asilimia 2 inakupa pale kuongeza au kupunguza miaka milioni moja. Hadithi yote inamezwa na mstari wa makosa.

Usahihi huo unatafutwa kwa sababu kuna dhana mbili zinazoshindana. Ya kwanza inasema bamba zee na zito huzama lenyewe, na bamba la juu hutanuka papo hapo. Ya pili inasema bamba husukumwa kwa nguvu zinazotoka mbali, likaanza kuzama kwa taabu, na mtanuko ukaja baadaye sana. Kinachozitenganisha ni pengo kati ya tarehe mbili, kwa hiyo anayepima tarehe moja tu hawezi kuamua ugomvi huo.

Argoni kwa argoni: saa ya lava

*Inapima nini.* Muda tangu lava ilipopoa. Potasiamu-40, yenye nusu-uhai (muda ambao nusu yake huoza) wa miaka bilioni 1.25, huzaa argoni-40. Sampuli hupigwa na nyutroni ndani ya kinu cha nyuklia ili sehemu ya potasiamu-39 igeuke argoni-39, kisha gesi yote hupimwa kwenye spektromita moja. Hii ndiyo njia inayoikaribia lava yenyewe, na kwa anayetaka mpangilio wa matukio ya volkeno, faida hiyo ni kubwa.

*Inataka nini.* Potasiamu, na hapa ndipo shida inapoanzia. Basalti za mwanzo wa kuzama kwa bamba ni maskini mno wa potasiamu. Nyingi zina chini ya asilimia 0.2 ya oksidi yake. Boniniti zina nafuu kidogo, ila mara nyingi zimejaa kioo. Andesiti za baadaye, safu ya volkeno ikishakomaa, ndizo rahisi.

Kioo cha kingo za lava ya mito, yaani lava iliyoganda majini kwa umbo la mito ya kulalia, kiepuke hata kama kinang'aa kizuri. Lava ikigandishwa ghafla na maji kwenye kina kirefu hunasa argoni ya ziada isiyopata nafasi ya kutoroka, na umri unakuja mkubwa kuliko ukweli. Chukua katikati ya mto huo, mahali fuwele zilipopata muda wa kukua.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Anza na kipande chembamba chini ya hadubini: ukiona matriki, yaani chembe laini zinazozunguka fuwele kubwa, imegeuka kijani au kahawia, acha. Pima pia uzito unaopotea mwamba ukichomwa. Ukizidi asilimia 2 hivi, jiandae kwa matokeo mabaya. Ponda, chekecha hadi mikroni 125 hadi 250, ondoa fuwele za piroksini na olivini kwa sumaku, kisha osha kwa asidi hidrokloriki na nitriki ndani ya chombo cha mawimbi ya sauti hadi udongo wa smektaiti utoke. Kwa miamba maskini wa potasiamu, hesabu miligramu 100 hadi 300 zilizo safi.

*Kinachoharibu.* Maji ya bahari huingiza potasiamu kwenye udongo unaoota ndani ya mwamba baada ya lava kuganda, na umri unashuka. Kosa la pili hutokea kinuni: chembe ya argoni-39 inapozaliwa hurushwa umbali wa wastani wa mikroni 0.08. Umbali huo si kitu kwa fuwele kubwa, lakini ndani ya udongo laini unatosha kuihamishia kwa jirani. Ukichoma hatua kwa hatua, hatua za mwanzo huonyesha umri mkubwa na za mwisho umri mdogo, mteremko ambao mzoefu hutambua mara moja.

La tatu ni kalsiamu. Basalti hizi zina kalsiamu nyingi, nayo ikipigwa nyutroni hutoa argoni-36 na argoni-39 za uongo. Masahihisho yanategemea argoni-37, ambayo nusu-uhai wake ni siku 35 tu. Sampuli ikikaa kabatini miezi sita baada ya kutoka kinuni, argoni-37 iliyobaki ni chini ya asilimia 3 ya ile ya mwanzo, na masahihisho yanakuwa ya kubahatisha. Kwa mwamba wa kawaida hilo halisumbui sana, lakini kwa basalti hizi maskini wa potasiamu linaua kipimo. Kabla ya kutuma chochote, uliza maabara foleni yao ina urefu gani.

*Ukubwa wa makosa.* Mwamba mzuri hutoa asilimia 0.5 au chini yake. Basalti maskini wa potasiamu mara nyingi ni asilimia 1 au zaidi. Umri uliotulia ukubali pale tu hatua tatu au zaidi zinazofuatana zinapokubaliana na kubeba angalau asilimia 50 ya argoni-39 yote.

Kuna mtego mwingine usiohusu mwamba kabisa. Umri wa argoni husomwa kwa kulinganisha na sanidini ya Fish Canyon. Tafiti za zamani zilitumia miaka milioni 28.02 kwa madini hayo, na nyingi za baada ya 2008 hutumia 28.201. Tofauti ni asilimia 0.65, yaani zaidi ya miaka 300,000 kwa mwamba wa miaka milioni 52. Kabla ya kusema tarehe ya mtu mwingine inapingana na yako, rudi kwenye jedwali lake uangalie alitumia namba ipi.

*Inamfaa nani.* Mwenye lava mbichi yenye matriki iliyoganda vizuri, au anayetaka kufuatilia mpangilio kutoka basalti hadi boniniti hadi andesiti.

Urani na risasi kwenye zirkoni: saa ya gabro

*Inapima nini.* Fuwele ya zirkoni inapozaliwa ndani ya magma hupokea urani na kuikataa risasi, hivyo karibu risasi yote utakayoikuta ndani imezaliwa humo. Urani-238 ina nusu-uhai wa miaka bilioni 4.468, na kwa miamba isiyozidi miaka bilioni moja hivi, uwiano wa risasi-206 kwa urani-238 ndio wa kutegemewa.

Angalia, hata hivyo, tukio lenyewe. Zirkoni huganda mwishoni, katika masalia ya magma chini ya lava. Tarehe yake inasema ukoko wa bahari ulikuwa ukijengwa wakati huo. Haisemi lava iliyo juu yake ilimwagika siku hiyo hiyo, ingawa katika ukoko uliojengwa haraka tofauti hiyo ni ndogo.

*Inataka nini.* Gabro yenye chembe kubwa, au bora zaidi plagiograniti, mwamba mweupe wenye kwazi unaokata gabro kama mishipa. Kwenye gabro tafuta mabaka yenye madini ya ilmenaiti na honibliendi ya kahawia. Masalia ya magma yaliishia hapo. Kilo 5 hadi 10 ni kiasi cha kuanzia kwa gabro, kilo moja au mbili kwa plagiograniti. Kwa kiini cha kuchimba chenye upana wa sentimita chache hupati kilo hizo, na wengi huishia na chembe tano au sita.

*Leza au asidi?* Ndani ya njia hii kuna uamuzi mwingine. Leza huchimba shimo la mikroni 30 hivi kwenye fuwele na kutoa jibu kwa dakika moja, kwa makosa ya asilimia 1 hadi 2. Unaweza kupima chembe mia kwa siku na kuona zile za kale zilizookotwa njiani. Njia ya pili huchoma zirkoni kwa nyuzi 900 kwa saa 48 hadi 60, kisha huila kwa asidi hidrofloriki yenye joto la nyuzi 180 hadi 210 kwa saa kama 12 ili sehemu zilizoharibiwa na mionzi ziyeyuke. Kilichobaki huyeyushwa chote na kupimwa pamoja na kiasi kinachojulikana cha isotopu za nyongeza. Makosa hushuka hadi asilimia 0.1 au chini, yaani takribani miaka 50,000 kwa mwamba wa miaka milioni 52.

Leza haitenganishi matukio yaliyokaribiana kama basalti na boniniti za Izu-Bonin, asidi inaweza. Lakini asidi haisamehi. Fanya hesabu: zirkoni ya mikrogramu 3 yenye urani sehemu 50 kwa milioni, kiasi cha kawaida kwa zirkoni za bahari, ina pikogramu 150 za urani. Katika miaka milioni 50 urani hiyo imezaa takribani pikogramu moja ya risasi-206. Maabara yenye uchafu wa risasi wa pikogramu moja kwa kila sampuli haiwezi kukusaidia hata mitambo yake iwe ya gharama gani. Uliza kiwango cha uchafu wao kabla ya kuuliza bei.

*Kinachoharibu.* Maji ya bahari hayaigusi zirkoni, na hilo ndilo linalowavuta wengi. Adui ni zirkoni za kale zilizobebwa kutoka miamba ya jirani. Zitazame kwanza kwa picha za mwanga wa kathodi ili kuona viini vyenye rangi tofauti. Risasi hupotea pia kwenye fuwele zilizojeruhiwa na mionzi, umri ukashuka. Na kwa kuwa zirkoni huikataa thoriamu inapozaliwa, umri huwa mdogo kwa hadi takribani miaka 100,000 usipofanya masahihisho. Kwa leza hilo halionekani, kwa asidi ni kosa kubwa kuliko makosa yote yaliyoripotiwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye ofioliti, yaani kipande cha ukoko wa bahari na mantili iliyo chini yake kilichosukumwa juu ya nchi kavu, ambapo kilo hazina shida, au mwenye swali linalodai tofauti ya chini ya miaka nusu milioni.

Lutetiamu na hafniamu kwenye garneti: saa ya bamba lililozama

Njia mbili za juu hupima bamba la juu. Hii hupima la chini. Chini ya baadhi ya ofioliti kuna ukanda mwembamba wa amfiboliti na wenzake, miamba iliyogeuzwa na joto na shinikizo. Ukanda huo ni soli ya ofioliti, ambao ni ukoko wa bamba lililozama ulioshikamana na mantili ya juu ukiwa bado wa moto. Garneti ilikua humo kwenye nyuzi 800 hivi na shinikizo la kilomita 35 hadi 40 chini.

*Inapima nini.* Ukuaji wa garneti. Lutetiamu-176 hugeuka hafniamu-176 kwa nusu-uhai wa takribani miaka bilioni 37. Garneti hupenda lutetiamu kiasi cha kuimaliza mapema, kwa hiyo nyingi hukaa kwenye kiini, na tarehe huegemea mwanzo wa ukuaji. Kwa swali la "lini ilianza" hilo ni jambo zuri.

*Inataka nini.* Kilo moja au mbili za mwamba wenye garneti, kisha mafungu manne au matano ya garneti safi, miligramu 50 hadi 100 kila moja, pamoja na mwamba mzima. Umri unatokana na mstari unaoyaunganisha mafungu hayo, na mtawanyiko wake (MSWD, yaani jinsi nukta zinavyoukaa mstari zikilinganishwa na makosa yake) uwe karibu na 1.

*Kinachoharibu.* Zirkoni, safari hii ikiwa adui. Chembe ndogo za zirkoni ndani ya garneti zimejaa hafniamu ya kale, na zikiyeyuka pamoja nayo mstari hulala na umri huharibika. Kwa hiyo garneti huyeyushwa kwenye kikombe cha kawaida juu ya jiko la maabara, ambako zirkoni hubaki salama. Chombo cha shinikizo kubwa kisitumike kwa garneti kamwe. Itabiamu-176 nayo huvuruga kipimo isipotenganishwa vizuri kwenye safu za resini.

*Ukubwa wa makosa.* Kwa kawaida asilimia 0.5 hadi 1.

Mfano wa kuufikiria ni ofioliti ya Semail, Oman. Zirkoni za ukoko wake zinatoa takribani miaka milioni 96 hadi 95, na zirkoni za soli yake zinakaribiana na hizo. Utafiti wa mwaka 2018 ulipima garneti za soli hiyo ukapata takribani miaka milioni 104. Wanaoikubali tarehe hiyo wanasema bamba lilisukumwa, likazama polepole kwa miaka milioni 8 kabla ya mtanuko. Wanaoegemea zirkoni wanasema kila kitu kilikwenda haraka. Binafsi naona hoja inayosahaulika ni ya jiometria. Bamba linalozama kwa mwinamo wa nyuzi 30 lazima lisafiri kilomita 70 hivi ili kufika kina cha kilomita 35. Kwa sentimita 5 kwa mwaka hiyo ni miaka milioni 1.4, kwa sentimita 1 ni miaka milioni 7. Kwa hiyo hata garneti haikupi siku ya kwanza, inakupa siku ambayo kina hicho kilikuwa kimeshafikiwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye soli iliyo wazi nchi kavu na swali la kama bamba lilisukumwa au lilizama lenyewe. Kwa anayechimba baharini haina kazi.

Mbili za pembeni

Visukuku vidogo, kama radiolaria na nanoplanktoni, kwenye matope yaliyotulia juu ya lava hutoa umri wa chini kabisa: lava haiwezi kuwa changa kuliko matope yaliyo juu yake. Ni rahisi na hupatikana melini wakati uchimbaji ukiendelea. Tumia kukagua, hasa argoni inapokupa umri mdogo kuliko matope. Hapo kosa liko kwenye argoni, isipokuwa kama lava ilipenya katikati ya matope.

Samari na neodimi kwenye mwamba mzima hubaki kwa miamba ya kale sana, kama ya Isua, Greenland, yenye umri wa miaka bilioni 3.7 hadi 3.8, ambako argoni ilishafutwa na joto la baadaye. Hatari yake ni kwamba magma mbili zikichanganyika hutoa mstari ulionyooka usio na maana yoyote ya umri. Usiutegemee peke yake. Tafuta mwamba mweupe wenye zirkoni unaokata lava hizo. Utakupa mpaka: lava ni kongwe kuliko huo.

Kwa hali yako

Kama una viini vya kuchimba vya basalti na boniniti pekee, anza na hadubini, chagua sampuli tano au sita safi kabisa za matriki kwa argoni, na uzipange kwa kina ndani ya kisima. Mpangilio unaokubaliana na kina ni ushahidi wenye nguvu kuliko tarehe moja nzuri. Ukipata hata kipande kidogo cha gabro, kitoe kwa zirkoni.

Kama una ofioliti kamili yenye soli, gawa bajeti: zirkoni kwa asidi kutoka plagiograniti mbili, na garneti kutoka soli, kwenye eneo lile lile la milima. Tarehe za soli kutoka bonde moja na ukoko kutoka bonde la mbali huzua pengo ambalo huenda ni tofauti ya mahali.

Kama ofioliti yako ina soli isiyo na garneti, pima honibliendi ya amfiboliti kwa argoni, ukijua kwamba unapata wakati soli ilipopoa hadi nyuzi 500 na kitu, baada ya kilele cha joto.

Kama unataka ramani ya kwanza ya eneo lisilojulikana na pesa ni kidogo, leza kwenye zirkoni nyingi ndiyo njia ya busara. Itakuonyesha pia kama kuna ukoko wa kale uliojificha chini ya safu. Weka chembe tatu au nne nzuri pembeni bila kuzichimba, ili zipimwe kwa asidi baadaye.

Na kama unalinganisha argoni yako na zirkoni za mtu mwingine, ziweke kwanza zote kwenye namba moja ya Fish Canyon na uongeze makosa ya viwango vya kuoza kwa isotopu kwenye pande zote mbili. Pengo la miaka laki tatu linaweza kuisha hapo hapo mezani, kabla hujatafuta maelezo yake kwenye mantili.